Winga Akihama: Mabao Yako Miguuni au Yako Uwanjani?

Kwetu Kagera Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani. Mabasi yatokayo Dar es Salaam na Mwanza hujaa watu wanaokwenda kula Krismasi chini ya migomba ya baba zao, na karibu kila nyumba huwa na mashauri yaliyongoja mwaka mzima ili ndugu wakutane: mpaka wa shamba, mahari, ada ya shule, mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Desemba iliyopita, nyumbani kwa dada yangu huko Muleba, shauri lililowekwa mezani pamoja na bakuli la senene lilikuwa la mpira wa miguu.

Mpwa wangu ana miaka 22 na ni winga wa kulia. Alikuwa akichezea klabu moja ya daraja la chini mkoani kwetu, ambayo sitaitaja. Msimu uliotangulia alifunga mabao 2, na msimu huo, hadi Krismasi inakaribia, alikuwa na bao 1. Mashabiki walikwisha kumpa jina la utani ambalo mama yake hataki lisemwe ndani ya nyumba yake: walimwita Mgeni, kwa maana kwamba langoni mwa wapinzani huonekana kama mtu asiyejua kilichompeleka. Wiki moja kabla sijafika, klabu ya nje ya mkoa ilituma ombi la kumchukua katika dirisha dogo la usajili. Baba yake alisema asiende, kwa sababu asiyefunga nyumbani hatafunga ugenini. Mama yake alisema aende, kwa sababu nyota ya mtu si lazima iwake kwao. Walipochoka kubishana wakanigeukia mimi.

"Wewe si ndiye daktari wa ukoo huu?" dada aliniuliza. "Haya, tuambie. Akihama, atafunga?"

Udaktari wangu ni wa vitabu, na kijijini wamekwisha kuuzoea kama udaktari usiotibu hata homa. Nilipaswa kuomba muda. Badala yake nilijibu papo hapo: aende.

Nilisema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuhama. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha katika chuo kimoja hapa nchini, na kwa miaka 3 mfululizo sikuchapisha hata makala moja ya kitaaluma. Kwa wahadhiri, makala ndiyo mabao. Asiyechapisha hapandi cheo, na kikaoni hutazamwa kama mshambuliaji aliyekosa penalti. Siku moja mkuu wangu wa idara aliniambia, mbele ya wenzangu, kwamba inaelekea shahada ya uzamivu ilinimaliza nguvu zote. Niliomba kazi kwingine, nikahama. Katika miaka 2 ya kwanza ya makazi mapya nilichapisha makala 4. Nikajiona nimezaliwa upya. Kwa hiyo dada aliponiuliza habari za mwanawe, jibu nililolitoa lilikuwa la maisha yangu.

Usiku ule usingizi ulichelewa. Nilianza kupitisha kichwani wachezaji niliowaona wakihama katika soka letu, nikitafuta kama historia inaniunga mkono.

Upande wa dada una mashahidi wazito. Mwaka 2013 Amissi Tambwe alitoka Vital'O ya Burundi akajiunga na Simba, na msimu wa 2013/14 akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 19. Pamoja na hayo, Desemba 2014, katika dirisha dogo kama hilo lililokuwa likiinyima familia yetu usingizi, Simba waliachana naye. Yanga wakamchukua. Msimu wa 2015/16 akawa mfungaji bora tena, safari hii kwa mabao 21, akiwa amevaa jezi ya mahasimu wa wale waliomwacha. Mrundi mwenzake, Saidi Ntibazonkiza, aliachwa na Yanga mwaka 2022, akaenda Geita Gold, kisha dirisha dogo la mwaka huohuo likampeleka Simba. Msimu wa 2022/23 ulipokwisha alikuwa na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga. Na kwa kuwa tunazungumza habari za winga, yupo Simon Msuva. Akiwa Yanga aliongoza kwa ufungaji msimu wa 2014/15 kwa mabao 17, akaongoza tena, sambamba na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting, msimu wa 2016/17 kwa mabao 14. Akahamia Difaa El Jadida ya Morocco na akaendelea kufunga, hata Wydad Casablanca wakamtaka.

Upande wa shemeji yangu nao haukukosa mashahidi. George Mpole alifunga mabao 17 akiwa Geita Gold msimu wa 2021/22, akampita Mayele kwa bao 1. Akaenda Lupopo ya Lubumbashi, na sifa ile haikumfuata huko. Mbwana Samatta aliipa Genk ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19 kwa mabao yake na akatunukiwa Kiatu cha Ebony mwaka 2019. Januari 2020 akavuka kwenda Aston Villa. Kule Uingereza alifunga bao 1 la ligi, dhidi ya Bournemouth, na jingine katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, kisha akaondoka. Na watu wa Bukoba hawajamsahau Mbaraka Yusuph. Msimu wa 2016/17, Kagera Sugar ya kocha Mecky Maxime ilimaliza ligi katika nafasi ya 3, mbele ya Azam, na kijana yule alikuwa mwiba wake mkali. Azam wakamsajili. Majeraha yakamwandama, na msimu ule wa Kaitaba haukujirudia.

Yupo pia mtu mmoja anayeweza kutoa ushahidi pande zote mbili. Emmanuel Okwi, Mganda aliyependwa mno na watu wa Simba, alikwenda SønderjyskE ya Denmark mwaka 2015 na huko akawa mtu wa benchi. Akarudi kwao kuichezea SC Villa, kisha mwaka 2017 akarejea Simba. Msimu wa 2017/18 akawa mfungaji bora kwa mabao 20. Miguu ni ileile. Kati ya Denmark na Msimbazi hakubadilisha mguu hata mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali la dada lilikuwa limeulizwa vibaya, na mimi nikalijibu vibaya zaidi. Sote pale mezani tulidhani mabao ni mali iliyo mwilini mwa mchezaji, kama pesa mfukoni. Kwamba anahama nayo, au anahama bila kitu. Lakini bao huanza mbali na mguu unaolimalizia. Huanza kwa kiungo anayejua kutoa pasi, kwa kocha aliyeamua nani asimame wapi, kwa dakika ambazo mtu amepewa, kwa imani kwamba ukikosa leo, kesho utapangwa tena. Mchezaji anayehama hubeba miguu yake na akili yake. Hayo mengine huyaacha, na kule aendako huyakuta mapya, mazuri au mabaya.

Mfano ulio wazi kuliko yote niliopata kuusoma unatoka mbali na kwetu, katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu huko Canada na Marekani. Huko klabu hubadilishana wachezaji kama wakulima wanavyobadilishana mbuzi, na mara nyingi mbuzi haulizwi. Cam Neely alikuwa winga wa kulia wa Vancouver Canucks. Msimu wa 1985/86 alifunga mabao 14, na Juni 1986 klabu yake ikambadilisha na mchezaji wa Boston Bruins. Msimu wake wa kwanza Boston alifunga mabao 36, na baadaye akawa mmoja wa wafungaji wakubwa wa mchezo ule. Je, alijifunza kupiga gongo katika miezi michache ya kiangazi? Hapana. Vancouver alisimama nyuma ya mawinga wa kulia waliokuwa wamemtangulia. Boston walimpa nafasi, wakampa dakika, wakamwacha acheze kwa nguvu zake. Kipaji kilichofunga mabao 36 kilikuwa kimekaa Vancouver misimu kadhaa bila kupewa nafasi.

Lipo jambo jingine ambalo wachambuzi wa michezo hulisisitiza na mashabiki hulisahau. Katika ligi kubwa za soka, takriban shuti 1 kati ya 10 ndilo linalokuwa bao. Kwa hiyo mwenye mashuti 40 na bao 1, na mwenye mashuti 8 na bao 1, wana ugonjwa tofauti ingawa takwimu yao gazetini ni moja. Wa kwanza anafika langoni. Huenda ana papara, huenda ana bahati mbaya tu. Bahati mbaya haina makazi ya kudumu. Mtu huyo akibaki palepale, msimu ujao yaelekea atafunga zaidi, na akihama, klabu mpya itajisifu kwa kazi ambayo muda peke yake ungeifanya. Wa pili hafiki langoni kabisa. Huyo hahitaji maombi wala mazoezi ya kupiga mashuti. Anahitaji kujua kwa nini mpira haumfikii.

Mpwa wangu alikuwa yupi kati ya hao wawili? Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Jumamosi iliyofuata nikapanda gari kwenda Bukoba, zaidi ya kilomita 60 kupitia Kemondo, nikiwa na daftari dogo ambalo kwa kawaida huandikia alama za mitihani.

Asiyeujua Kaitaba nimweleze kidogo. Ni uwanja wenye nyasi bandia, ulio jirani na Ziwa Victoria kiasi kwamba upepo wa jioni huingia mchezoni bila kusajiliwa. Hapa ndipo Kagera Sugar ilipojijengea heshima ya kuwasumbua wakubwa wa Dar es Salaam kwa miaka mingi, kabla ya kuteremka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Siku hiyo watu hawakuwa wengi. Nilikaa jukwaani, nikaanza kuchora vistari.

Katika dakika 90 mpwa wangu aligusa mpira mara 34. Mara 27 kati ya hizo alikuwa katika nusu ya timu yake. Alipiga krosi 3. Shuti alipiga 1, la mbali, na kipa alilidaka kama mtu anayepokea kikombe cha chai. Mwanzoni nilidhani ni mvivu wa kupanda. Kufikia dakika ya 20 nikaelewa. Beki wa kulia aliyekuwa nyuma yake alikuwa kiungo aliyeazimwa nafasi ile kwa sababu mwenyewe ni majeruhi, na kila mpira ulipopotea kocha alisimama mstarini na kumpigia kelele mpwa wangu arudi. Alirudi. Alirudi mara zote, akakaba, akanyang'anya, akatoa pasi, na timu ilipofika mbele yeye alikuwa angali anapumua katikati ya uwanja. Nyuma yangu shabiki mmoja akapaza sauti: "Winga gani huyu? Mrudisheni Muleba akachume kahawa!" Watu wakacheka. Na mimi, najua nitahukumiwa kwa hili, nilitabasamu ili nisijulikane kuwa ni mjomba wake.

Niliporudi Muleba nilimkuta shemeji kibanjani akiweka samadi kwenye mashina. Nilimweleza vistari vyangu vyote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha chipukizi la mgomba alilokuwa amelichimbua.

"Shemeji," alisema, "hili nikilipanda hapa, kwenye udongo ulioshiba samadi ya ng'ombe tangu enzi za babu, utakula ndizi. Nikilipanda kule rweya, kwenye nyasi tupu, litasimama tu, na watu watasema mbegu mbaya. Lakini sikia na la pili. Likiwa limetoka kwenye shina lenye mnyauko, hata ukilipeleka Bugabo, mnyauko unakwenda nao."

Ndugu msomaji, nimekaa madarasani miaka mingi na sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Watu wa Kagera, ambao mnyauko wa migomba uliwaingilia katikati ya miaka ya 2000 na kufyeka mashamba ya watu, wanajua maana yake. Kuna upungufu ulio wa udongo na kuna ugonjwa ulio wa mmea. Kuhama hutibu wa kwanza. Wa pili kuhama huutawanya tu. Shemeji, aliyekuwa amepinga safari ya mwanawe, ndiye aliyenipa kipimo cha kuiamua.

Kwa vistari vyangu, ugonjwa wa mpwa wangu ulikuwa wa udongo. Shuti 1 katika dakika 90 si tatizo la mguu. Lakini je, huko alikoitwa ni kibanja au ni rweya nyingine? Jioni nilimwita nikampa swali moja la kumuuliza kocha mpya: nitasimama wapi uwanjani, na nikisimama hapo, nani atanipa mpira? Nilimwambia asijali maneno mengine yote. Alipiga simu palepale, mbele yangu, kwa adabu. Jibu lilikuwa fupi: atacheza popote timu itakapomhitaji.

"Basi usiende," nilimwambia. "Hiyo ni rweya."

Kijana aliweka simu mezani. Hakunikatiza, kwa kuwa amelelewa vizuri. Alisubiri nimalize hotuba yangu yote kuhusu mashuti na uwezekano, kisha akasema, "Mjomba, samahani. Naomba nikuulize na mimi. Unajua mara ya mwisho nililipwa lini?"

Sikujua.

"Agosti."

Tulikuwa Desemba. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Sote tulikuwa tukiuliza habari za mabao. Alikuwa amekwisha kuwatafuta wachezaji wawili wa ile klabu nyingine, akawauliza kama mishahara inatoka. Walimwambia ni midogo, lakini inatoka. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika katika daftari lilelile la vistari: "Mjomba, wewe unahesabu mabao. Mimi nahesabu miezi."

Niliona aibu ambayo bado ninayo ninapoandika haya. Mimi, ninayewafundisha vijana kwamba nyuma ya kila takwimu kuna mahusiano ya uchumi na mamlaka, nilimchambua mtoto wa dada yangu kama mnyama wa maonyesho: meno, kwato, mbio. Nilihesabu kila alipogusa mpira, nisihesabu siku alizokwenda mazoezini kwa miguu kwa sababu hakuwa na nauli ya bodaboda, wala milo aliyoiruka. Mchezaji anayechelewa nusu hatua kufika kwenye nguzo ya mbali tunamwita mzito. Inawezekana ana njaa. Mshahara nao ni sehemu ya udongo, tena ile ya chini kabisa, na mimi nilikuwa nimeisahau kwa sababu wangu huingia benki kila mwezi.

Kuanzia hapo ikabidi niitazame upya na hadithi yangu mwenyewe, ile iliyonifanya nitoe jibu la haraka. Chuo nilichokihama nilikuwa na wanafunzi zaidi ya 600 katika kozi moja, na mitihani yao niliisahihisha peke yangu. Nilikohamia walikuwa 90. Hiyo ndiyo siri ya makala 4. Sikuzaliwa upya. Nilipunguziwa karatasi. Na mhadhiri kijana aliyeketi kwenye kiti nilichokiacha, mwenye akili kunishinda, nimesikia naye sasa anaitwa mvivu. Uhamisho uliniokoa mimi. Kiti kilibaki vilevile, kikamngoja mwingine.

Hili ndilo linalonifanya nilete habari za winga mmoja wa Muleba katika ukurasa huu ambao kwa kawaida hujadili mambo ya utawala. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnalijua neno uhamisho kuliko mimi. Wilaya ikishindwa kukusanya mapato, mkurugenzi huhamishwa. Shule ikifelisha, mwalimu mkuu huhamishwa. Zahanati ikikosa dawa, mganga huhamishwa. Tangazo huja na kauli tunayoijua sote kwa moyo: uteuzi wake umetenguliwa, atapangiwa kazi nyingine. Sisi wananchi hushangilia, kama jukwaa linavyoshangilia winga anapotolewa. Mwaka mmoja baadaye takwimu ni zilezile na jina ni jipya.

Sisemi kwamba kuhamisha watu ni kosa. Tambwe alihama akafunga. Ntibazonkiza alihama katikati ya msimu akamaliza kileleni. Wapo maofisa waliokuwa wamefungiwa nyuma ya wakubwa wenye wivu, ambao walipopelekwa kwingine walichanua. Wala sisemi kwamba mtu hana lawama kamwe. Mnyauko upo, na mwizi wa fedha za umma ukimhamisha kutoka halmashauri moja kwenda nyingine umempelekea mkulima wa huko shina lenye ugonjwa. Ninachosema ni kwamba kabla ya kumhamisha mtu, au mtu kuomba kuhama, yapasa swali la shemeji liulizwe: upungufu huu ni wa mmea au ni wa udongo? Njia ya kulijibu si ngumu. Mtazame aliyekuwepo kabla yake, na umtazame atakayekuja baada yake. Watu watatu wakikaa kwenye kiti kimoja na wote watatu wakashindwa kwa namna ileile, acha kuwachunguza watu. Chunguza kiti.

Na kwa vijana, wanafunzi wangu hasa, mnaoniuliza kila mwaka kama mhame kozi, mhame mji, mhame nchi: msiulize tu kama mtafanikiwa huko. Hakuna awezaye kujibu hilo. Ulizeni ni kitu gani hasa kinawakwamisha hapa mlipo, na kama kitu hicho kitabaki nyuma mtakapoondoka. Ulizeni mtapewa kazi gani, pamoja na nani, na kama mtalipwa. La mwisho msilione haya. Mpwa wangu aliliuliza kwanza, na alikuwa na haki.

Alihama mwezi Januari. Sikumzuia, na hata ningemzuia asingenisikiliza. Mama yake alimfungia ndizi na senene waliokaangwa, baba yake akampa nauli bila kusema neno, kisha akasimama barabarani hadi basi likapotea upande wa Biharamulo.

Tangu hapo ameanza mechi nyingi kuliko nilivyotarajia. Miwili ya kwanza alipangwa beki, kama nilivyohofu. Baadaye winga wao akaumia, yeye akasogezwa mbele, na hadi msimu unakwisha alikuwa amefunga mabao 4. Dada alinipigia simu kwa furaha, akataka nikiri kwamba alikuwa amesema kweli. Nilikiri, maana dada mkubwa hapingwi, ingawa mabao 4 ni machache mno kuwa ushahidi wa lolote. Mengine ni bahati, mengine ni nafasi aliyopewa kwa sababu ya msiba wa mwenzake. Mshahara, ananiambia, hutoka tarehe za katikati ya mwezi.

Mwezi uliopita nilipita tena Bukoba kikazi, nikaenda Kaitaba. Klabu yake ya zamani ilikuwa ikicheza. Upande wa kulia alikuwapo kijana mwingine, nimeambiwa ni wa kutoka Kamachumu, mwepesi, mwenye krosi nzuri. Beki aliyekuwa nyuma yake alikuwa yuleyule kiungo wa kuazimwa. Nilichora vistari kwa kipindi kimoja tu, kisha nikafunga daftari. Katika dakika ya 60 kijana aliuchelewa mpira kwenye nguzo ya mbali, na nyuma yangu mtu akapiga kelele kwa sauti niliyoitambua.

"Mgeni!" alisema. "Mtoeni huyo Mgeni!"